Nyumba Iliyonunua Mpunga Wake

Kwenye barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare, mahali inaposhuka kwenye kijito na kupanda tena, palikuwa na kijiji cha watu wa mpunga. Ilikuwa enzi ya Wabelgiji. Katika kijiji hicho aliishi mama mmoja, jina lake Emilienne, pamoja na mume wake André. Watu walimwita Mama Dominique, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Emilienne aliamka kabla ya kuku. Alifagia uwanja, akawasha moto, akamwaga mpunga ndani ya kinu. Kinu chake kilichongwa na baba yake mzazi, kilikuwa na sauti nene, na mtu aliyekuwa ng'ambo ya kijito aliweza kujua kwamba mama yule ameanza kazi. Akisha kutwanga, alipeta kwa ungo. Makapi yaliruka, kuku wakakimbilia. Jioni familia ilikula wali na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa mawese, na siku za soko waliongeza samaki mkavu wa Lualaba.

André alikuwa mtu wa kazi na wa maneno mengi. Shamba lake lilikuwa safi, hata ndege walikuwa wanaliogopa. Mgeni aliyepita kijijini wakati wa mavuno angesema, hawa ni matajiri. Lakini angerudi mvua zinapoanza, angewakuta wanakula muhogo mara moja kwa siku, wakiangalia majani ya mpunga wa watu wengine.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Mpunga ulipoingia nyumbani, askari wa kodi nao waliingia kijijini. Ilikuwa kodi ya kichwa. Kila mwanamume mzima alilipa, na aliyekosa alifungwa. Basi wanaume wote waliuza mpunga wao juma lile lile, kwa mtu yule yule, Bulaimu, mwenye magazini, duka la kununua na kuuza mazao kando ya barabara. Mpunga ukawa mwingi kama mchanga, bei ikaanguka. Mwaka mmoja ilianguka sana, hata André akauza na magunia ya mbegu. Fedha nyingi zilikwenda kwa kodi. Zilizobaki zilikwenda kwa chumvi, kwa shati, na kwa taa nzuri ya petroli. Petroli yenyewe hakununua, fedha zilikuwa zimekwisha.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Emilienne alimwuliza mume wake habari za mbegu. André alikuna kichwa. Akasema polepole kwamba mbegu waliuza, na kwamba kuna kapita, msimamizi wa kampuni, anayepita na motokari kutafuta watu wa kazi ya migodi, upande wa Lusangi. Yeye mwenyewe ataandikisha jina lake.

Moyo wa Emilienne ulianguka. Alikijua kisa cha mjomba wa André. Mzee huyo alikwenda migodini kwa mwaka mmoja, akakaa miaka mingi, akarudi na kikohozi na mke mwingine.

Sasa, Emilienne alikuwa na siri. Chini ya mikeka aliyokuwa akisuka palikuwa na chungu kidogo chenye mfuniko. Humo aliweka fedha za mawese na za mikeka. Katika kijiji kile fedha za mawese zilikuwa za mwanamke. Mwanamume aliyeuliza habari zake aliitwa mchungulia vyungu, na watoto walimwimbia njiani. Na kodi ilikuwa ya mwanamume. Aliyelipiwa kodi na mke wake, wenzake walimpa hongera ya uzazi kama mwanamke, wakamwuliza mtoto ni wa kike ao wa kiume. Kwa sababu hiyo bwana alinyamaza upande wake, bibi alinyamaza upande wake. Wazazi wao walikuwa wamefanya hivyo, na wazazi wa wazazi wao.

Emilienne alifungua chungu chake, akafunga fedha katika pembe ya kikwembe alichojifunga kiunoni, akaenda kwa Bulaimu kununua mbegu.

Bulaimu alikuwa mtu wa msikiti, mpole, mwenye kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri. Alitaja bei. Ilikuwa mara mbili ya bei ya mavuno. Emilienne alilipa. Bulaimu akaburuta gunia kutoka nyuma ya magazini, na Emilienne alipoinama kulibeba, aliona kiraka. Kilikuwa cha kitambaa cha buluu chenye ndege wa manjano. Ni kipande cha kikwembe alichovaa siku ya ndoa yake. Yeye mwenyewe alikuwa amekishona pale, kwa uzi wa ukindu, kwa mishono mirefu kwa sababu mtoto alikuwa akilia.

"Baba Bulaimu," akasema, "gunia hii iko yangu."

"Ilikuwa yako, mama. Bwana yako aliniuzia."

"Na leo unaniuzia mara mbili."

Bulaimu hakukasirika. Alikaa juu ya sanduku lake.

"Mama, mimi sikuiba. Wakati wa mavuno mulikuja wote pamoja. Kila mutu anatoka jasho, kila mutu anasema haraka, askari iko njiani. Mimi nilikuwa na nafasi ya kungoja. Ninyi hamukuwa nayo. Leo munalipa kungoja kwangu."

Kisha akamwongezea kipande cha sabuni, maana hakuwa mtu mbaya.

Emilienne alibeba gunia lake akicheka na kulia njia nzima. Kabla ya kufika nyumbani alipita kwa jirani yake Fatuma. Fatuma alikuwa mjane. Marehemu mume wake alifanya biashara ya chumvi na vitambaa hadi Kabambare, na Fatuma alitembea naye, kwa hiyo alijua bei zinavyopanda na kushuka kama mtu anavyojua kilima cha nyumbani kwake. Aliposikia habari ya kiraka alicheka mpaka akakaa chini. Alisema amesikia watu walionunua ng'ombe wa jirani na watu walionunua shamba la ndugu, lakini mtu wa kununua jasho lake mwenyewe, huyo ndiye wa kwanza.

Walikibandua kiraka pamoja, ili André asilitambue gunia. Emilienne alimwambia André kwamba mbegu ile ameazimwa na kaka yake Michel. André alifurahi sana. Alimsifu shemeji yake mbele ya watu, kisha akamtumia jogoo wake mkubwa kama shukrani. Michel alishangaa kidogo. Lakini jogoo alikuwa mnono, na Michel hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alimla.

Walipanda. Mpunga ukaota vizuri. Lakini André alikuwa amesema neno, na Emilienne alilibeba kila siku kama mzigo usio na kata.

"Mwaka huu Michel ametuokoa," alikuwa amesema. "Sitaomba tena. Mavuno ikija, mbegu ikienda tena kwa kodi, mimi nakwenda na kapita. Nimemuambia tayari. Jina langu iko kwake."

Mpunga ulikuwa umefika magotini wakati mjumbe wa Sultani, mkuu wa vijiji vile, alipozunguka kijijini na tangazo. Karani wa Boma, ofisi ya serikali kule Kasongo, atakuja, akasema. Ataingia nyumba kwa nyumba, atauliza watu wanavuna nini, wanauza nini, wananunua nini.

Kijiji kizima kilielewa jambo moja tu, kwamba kodi inapanda. Basi watu walijitayarisha. Mbuzi walipelekwa msituni. Mikungu ya ndizi iliingizwa chini ya vitanda. Kuku walifunikwa kwa vikapu. André alipeleka kiti chake kizuri nyuma ya nyumba, akakifunika kwa majani.

Karani alifika kwa baiskeli. Alikuwa kijana wa Kasongo, Hippolyte, aliyesoma shule ya mapadri, mwenye soksi ndefu zilizojaa mbegu za nyasi za njiani. Alisalimu vizuri. André akamkaribisha kwa huzuni kubwa, akamkalisha juu ya kikapu kikubwa kilichopinduliwa, akasema hiki ndicho kiti chao, wao ni maskini.

Hippolyte aliuliza kama wanavuna. André akasema kidogo. Aliuliza kama wanauza. Hawauzi. Aliuliza kama wananunua. Hawanunui. Aliuliza basi wanakula nini. André akaangalia mawingu na kusema Mungu ndiye anayejua.

Hapo chini ya kikapu kukatoka sauti, ko-ko-ko-kooo, sauti ya kuku aliyemaliza kutaga na anayetaka dunia nzima ijue. Watu wote wakakiangalia kikapu.

"Baba," akasema Hippolyte, "kiti chako kimetaga."

Emilienne alikimbilia kinu, akatwanga kuficha kicheko. André mwenyewe alibana midomo. Lakini Hippolyte hakuwa amekuja kucheka tu. Alisimama, akajipangusa, akasema maneno ambayo Emilienne aliyasikia yote, maana aliacha kutwanga.

"Mimi siandike majina ya watu, na sikutumwa na wa kodi. Kule Boma wakubwa wanabishana. Wanaona kijiji hiki kinalima mpunga mwingi, na kila mwaka kina njaa. Mumoja anasema ninyi muko wavivu. Mwingine anasema munamaliza yote kwa sherehe. Mwingine anasema, hapana, labda ni sisi wenyewe, kodi yetu inafika wakati mubaya. Hakuna anayejua. Ndiyo maana nimetumwa kuuliza. Mukiniambia uongo, nitapeleka uongo, na uongo ule ndio utakaowatawala."

André alimtazama tena. Bula Matari, yaani serikali ya wazungu, alizoea kuamuru. Bula Matari aliyeuliza swali na kungoja jibu, huyo hakuwahi kumwona. Lakini neno "wavivu" lilimchoma Emilienne. Aliangalia viganja vyake. Vilikuwa vigumu kama ngozi ya ngoma.

Fatuma, aliyekuwa akisikiliza ng'ambo ya ua, alimwita mgeni aje kunywa maji kwake. Emilienne akafuata. Hippolyte aliliacha daftari lake ndani ya mfuko wa baiskeli, kwa sababu alishaona kwamba watu wakiona daftari vinywa vinafungwa. Alichora mistari juu ya udongo uliofagiliwa. Huu ni wakati wa kupanda, akasema, huu wa kupalilia, huu wa mavuno, huu wa kiangazi. Kisha akaomba maharage na karanga. Kitu kikitoka nyumbani kuuzwa, weka maharage. Kitu kikinunuliwa na kuingia, weka karanga. Bei ikiwa ndogo, punje chache. Bei ikiwa kubwa, punje nyingi.

Fatuma alitangulia. Aliweka punje zake bila kuona haya, huku akieleza kila moja, hata kilemba alichonunua Kasongo na kujuta. Kisha Emilienne akapiga magoti. Alipoanza tu, André akaingia uani. Alisema amekuja kuona kama mgeni amepata maji. Ukweli ni kwamba alitaka kujua mke wake anasema nini.

"Karibu, baba," akasema Hippolyte. "Mpunga wa mavuno ni wewe uliuza. Basi weka wewe mwenyewe."

André hakupenda kukataa mbele ya wanawake. Aliinama, akaweka maharage machache kwenye mstari wa mavuno, kwa sababu magunia yalikuwa mengi lakini bei ilikuwa ndogo. Emilienne akachukua karanga mkono mzima, akaziweka kwenye mstari wa kupanda.

André alizitazama. "Hizi karanga ya nini?"

"Ya mbegu."

"Mbegu alitupatia Michel."

Emilienne aliona kwamba sasa njia ni moja tu.

"Michel hakutupa kitu," akasema.

André alifikiri. "Na jogoo wangu?"

"Michel amekula."

Fatuma alijifunika mdomo kwa kilemba kile kile cha Kasongo. Emilienne akasema yote, kwa sauti ndogo, bila kuinua macho. Akasimulia chungu, akasimulia bei, akasimulia kiraka chenye ndege wa manjano. Mpunga walioununua ni ule ule waliouuza.

André alisimama. Akaenda mpaka kwenye ua, akawapa mgongo. Emilienne alifikiri, sasa ameaibika, sasa hatangoja hata mavuno, kesho ataenda na kapita.

"Siku ile nauza mbegu," akasema André bila kugeuka, "ulikuwa na fedha?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza, wangesema nachungulia chungu."

"Na mimi ningekupa, wangesema umezaa."

Kisha mabega ya André yakaanza kutikisika. Emilienne alifikiri analia. Alipogeuka alikuwa anacheka, na machozi pia yalikuwapo. Alisema tangu waoane wamelala mkeka mmoja, wamezika mtoto pamoja, wamejenga nyumba mbili, na kumbe wote wawili walikuwa wakimfanyia Bulaimu kazi ya bure.

Hippolyte aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha akawaambia kwamba si wao peke yao. Amepita nyumba nyingi za barabara ile. Mahali bwana na bibi hawasemezani juu ya fedha, mpunga hutoka mlango wa mbele kwa bei ndogo, ukarudi mlango wa nyuma kwa bei kubwa. Mahali wanapozungumza, mara nyingi mbegu hubaki. Alionyesha mistari: si uvivu, kazi yote iko pale, imewekwa tu mahali pabaya. Akauliza kwa nini wanangoja askari ndipo walipe kodi.

"Baba yangu," akasema André, "nilipe kichwa cha mwaka muzima, na labda mwezi ujao sina kichwa?"

"Ukikosa kichwa, baba, hutakumbuka fedha."

Akaeleza. Mpokeaji wa kodi kule Boma hupokea tangu mwaka unapoanza. Mtu akilipa mapema hupewa karatasi yake, na askari wakija anawaonyesha, basi. Hakuna sheria ya kungoja mavuno. Watu walizoea tu. Basi njia nzuri ni hii: kodi itoke kwenye vitu vidogo vya mwaka mzima, mawese, mikeka, samaki wa mitego, kila mtu wa nyumba alete alicho nacho. Mpunga usiguswe. Na siku ya kuvuna, mbegu itengwe kwanza, kabla ya kuuza, kabla hata ya zawadi za wakwe. Sehemu ya pili ni ya kula. Inayobaki ndiyo ya kuuza, na hiyo nayo isiuzwe yote mara moja.

Emilienne aliuliza kuhusu panya na ukungu, maana mpunga unaongoja una maadui wengi. Hippolyte akajibu kwamba mpunga uanikwe juani mpaka ukiuma punje ilie kama kijiti kikavu. Ghala liinuliwe juu ya nguzo, na kila nguzo ivalishwe bati la mkebe, laini, panya ateleze. Fatuma akaongeza la kwake. Nyumba chache ziungane, akasema, ziweke fedha kidogo pamoja kila soko, ili mtoto akiugua mtu asikimbilie kuuza gunia. Mume wake na wenzake walifanya hivyo safarini, na hakuna aliyewahi kuuza chumvi yake kwa machozi.

Juma lile André na Emilienne walikalia mkeka mmoja mchana kweupe. Emilienne alileta chungu chake. André akaleta mfuko wa ngozi aliouficha kwenye paa, wenye fedha za samaki. Emilienne hakujua kama mfuko ule upo. Akamtazama tu, na André akakohoa.

Fedha zilikuwa bado kidogo. Basi Emilienne alisuka mikeka, André akaongeza mitego, na kabla mpunga haujaiva walikwenda Kasongo kulipa kodi. Walirudi na karatasi, na chumvi, na petroli kidogo.

Habari ilifika kijijini kabla yao. Kwenye kijito wanaume walikuwa wanaoga, na Zéphirin, jirani aliyependa mzaha kuliko chakula, alipaza sauti.

"Hongera, mzazi. Mutoto wa kike ao wa kiume?"

Emilienne aliona aibu kwa ajili ya mume wake. Lakini André alitua mzigo, akapangusa uso.

"Mapacha," akasema. "Moja inaitwa Mbegu, ingine inaitwa Nitalala Nyumbani. Mama yao anawasalimu."

Kijito kizima kilicheka, na safari hii walimcheka Zéphirin.

Mavuno yakaja. Askari nao wakaja. Wanaume wakapanga mstari mbele ya magazini na magunia vichwani, na kila gunia jipya likaisukuma bei chini. André aliwaonyesha askari karatasi yake, wakaiangalia mbele na nyuma, wakaondoka. Hata hivyo haikuwa rahisi. Miguu ilimwasha. Kila asubuhi alitaka kwenda kuuza japo gunia moja, kwa sababu mwanamume aliyekaa nyumbani siku ambayo wenzake wanauza hujiona kama mgonjwa. Emilienne alimpa kazi. Alimwambia aanike, ageuze, aume punje. André akajenga ghala juu ya nguzo, akakata mikebe ya bati, akavalisha nguzo kama mtu anavyovalisha watoto viatu. Wakwe walipokuja kwa sauti ya kinu, walipewa mpunga kutoka sehemu ya kula. Wakashukuru. Hawakujua kwamba kuna sehemu nyingine.

Kiangazi Hippolyte alipita tena na baiskeli yake, akielekea Kabambare. Safari hii alikaribishwa vizuri kila mahali. Alisema wakubwa bado wanabishana, ndiyo tabia yao. Lakini hesabu za nyumba zilizosema kweli zimesomwa, na Sultani amekubaliwa jambo moja. Kuanzia mwaka ujao, katika vijiji vyake, kodi itapokelewa kwa sehemu mbili, na askari hawatakuja tena juma la mavuno. Wazee waliuliza nani amefanya hivyo. Hippolyte akasema ni maharage. Wakadhani anatania.

Kisha mawingu yakakusanyika upande wa Lualaba, mvua za kwanza zikanyesha, na bei ya mpunga ikaanza kupanda. Siku ya soko André na Emilienne walikwenda kwa Bulaimu. Mbele ya magazini palikuwa pamesimama motokari ya kapita wa migodi. Wanaume kadhaa walikuwa wamekwisha kupanda nyuma, na vifurushi magotini. Bulaimu alikuwa akitafuta mpunga, maana wa kwake ulikuwa unakwisha. Alimwona André, akamtajia bei, bei nzuri, mbele ya watu wote.

André aligeuka nyuma.

"Mama Dominique," akasema kwa sauti ya kila siku, "tuuze ao tungoje?"

Uso wa Emilienne ulipata joto. Wanaume walikuwa wanasikiliza. Hakuna mume aliyewahi kumwuliza mke wake neno la namna hiyo pale barabarani.

"Tuuze moja," akasema. "Ingine ingoje. Na ya mbegu haiulizwe bei."

Bulaimu akatabasamu, akasema sasa amepata mwenzake wa kungoja. Kapita akatoa kichwa dirishani.

"André, jina lako iko kwangu."

"Ulifute, kapita. Mimi niko na kazi."

"Kazi gani?"

"Kesho napanda."

Kapita akainua mabega, akapiga bati la mlango ili dereva aondoke. Motokari ikaanza kunguruma. Hapo ndipo Emilienne alipomwona Zéphirin amekaa nyuma kabisa, na kifurushi chake, bila mzaha wowote usoni. Mbegu zake zilikuwa zimekwenda kwa kodi. Kando ya barabara alisimama mke wake Mado, na mtoto mgongoni. Alishika ubao wa motokari kwa mkono mmoja.

André alisogea.

"Zéphirin," akasema, "umeuliza bibi yako kama kuko kitu nyumbani?"

Zéphirin alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Kisha akamtazama mke wake. Mado aliinamisha macho, akaitengeneza mbeleko ya mtoto ambayo haikuwa imelegea.

"Kuko kidogo," akasema.

"Kidogo ya kutosha?"

"Ya gunia moja ya mbegu. Labda na chumvi."

Motokari ikaanza kwenda. Zéphirin alitupa kifurushi chini kwanza, kisha akaruka mwenyewe, akaanguka matopeni kwa magoti yote mawili. Kapita alipiga kelele, lakini kilima kilikuwa mbele na dereva hakutaka kusimama. Mado alikwenda kumwinua mume wake. Alikuwa anacheka.

Walirudi kijijini wote wanne pamoja, wanaume mbele na gunia la mbegu ambalo Mado alilinunua kwa Bulaimu kwa fedha alizofunga kikwembeni, wanawake nyuma. Njiani Zéphirin alikuwa akigeuka kila mara kumwuliza mke wake swali jingine, na Mado alikuwa anajibu.